Jembe la Kuchimbia Samaki

Ijumaa, mwezi 6 Mfungo Pili. (Kalenda ya dukani kwa Tayebali yasema Aprili 1995.)

Nabeel kaniapisha nisimtukane mgeni wake. Basi nitamtukana humu.

Skuli sikutia mguu, lakini herufi za Kiarabu nilifunzwa chuo cha Qur'ani, na daftari hili mjukuu wangu Akila kaliandika nusu akalitupa. Nusu iliyobaki ni yangu. Mdomo ukinijaa nitakuja kuumwaga hapa, nyumba ipate hiyo amani ambayo mwanangu ailia.

Mgeni ni Nanjala, mamake Mirriam, mke wa Nabeel. Ametoka kwao Budalangi, huko ambako Kenya yaishia, kashuka kwenye basi na kuku wawili, kikapu cha samaki wakavu na mwili wa kuziba mlango. Mlango wetu hapa Mji wa Kale umepitisha majeneza na masanduku ya maharusi, na leo ndiyo mara ya kwanza naona mtu aupita kwa ubavu.

Nimempokea kwa heshima. Nimempa chumba cha mbele chenye upepo. Nimempa mahamri na mbaazi za nazi. Akala, akashukuru, kisha akaniambia, "Mama Nabeel, hii maji yenu iko na chumvi mpaka ndani ya chai." Kiswahili chake chatembea kwa magongo, lakini chafika.

Jioni akasema kilichomleta. Mumewe alifariki mwaka jana, watoto wote wana majumba yao, na kwao nyumba ya bibi haikai bila mjukuu wa kike wa kulala naye. Amtaka Akila. Aende akae naye mwaka mzima, asome huko.

Akila wangu! Miaka saba mtoto huyu, na tangu alipoachishwa kunyonya hajalala kitanda kingine ila changu. Najua akiota hupiga teke upande gani.

"Tutaangalia, mama," Nabeel akamjibu. "Skuli zimefungwa. Kaa nasi mpaka Idd ya kuchinja, mtoto akuzoee, kisha tutaamua."

Mpaka Idd. Nikainuka nikakusanya vyombo, na sahani moja ikavunjika yenyewe.

Jumamosi, mwezi 7

Kwao kuna maziwa manne. Liko lile kubwa linalojulikana na dunia nzima, na madogo matatu yamejificha ndani ya kinamasi: Kanyaboli, Sare, Namboyo. Akila ameyahifadhi kwa asubuhi moja. Huyu ndiye aliyeshindwa na Suratul-Fil mwezi mzima.

Jumatatu, mwezi 9

Sasa amwita "Kukhu". Ndivyo waitavyo nyanya kwao. Kwetu huyo hufugwa akataga. Nilipomwambia hayo Mirriam, akanijibu, "Mama, uliapa." Kweli niliapa.

Nanjala alitaka kuiona bahari, nikampeleka nyuma ya Ngome ya Mreno. Ni siku za maji mafu hizi, mwezi ni nusu, bahari hupanda kidogo ikashuka kidogo hata hujui kama ilikwenda mahali. Akaitazama kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. "Ni kama yetu," akasema. "Lakini yetu mtu anakunywa."

Jumanne, mwezi 10

Leo ni samaki wa kuchimbwa. Wallahi sikuongeza neno.

Eti kwao kuna samaki aitwaye kamongo, mrefu kama mkono wa mtu mzima, ana mapafu. Kiangazi kikikausha kinamasi, yeye hahami. Hujizika matopeni, akajikunja, akalala huko miezi mpaka mvua irudi. Na watu wakimtaka huenda na jembe.

"Na jembe," nikasema.

"Na jembe, mama Nabeel. Unalima polepole. Ukiona tundu dogo tope linapumua, hapo ndipo amelala."

"Na mihogo je, mwaivua kwa nyavu?"

Mirriam alicheka, kisha akajikumbuka akafunga mdomo. Akila hakucheka. Alinitazama kama mimi ndiye niliyesema uongo.

Jumatano, mwezi 11

Nimesema haiwezekani ziwa litushinde. Sisi tuna kisiwa, tuna bahari pande zote, tuna mji uliokuwapo kabla ya Mreno. Nikamvisha Akila kanzu ya Ijumaa nikamtoa matembezi. Tumepita zile Pembe za barabara kuu, nikamwambia tazama, ndovu gani awezaye kuwa na pembe kubwa hivyo. Akaniambia ni za bati. Nikamnunulia viazi karai. Tukenda mpaka Feri, tukasimama kuangalia watu walivyosongamana.

"Waona ajabu hiyo?" nikamwambia. "Umati wote huu wasubiri chombo kiwapeleke mahali wanapopaona kwa macho. Wapi kwengine utapata hayo?"

Akamaliza kiazi, akajipangusa mdomo kwa kanzu.

"Nyanya, kwao Kukhu hakuna haja ya feri. Kisiwa chenyewe ndicho hutembea."

Ni matete, eti. Mafunjo yamefungamana mizizi mpaka mtu asimama juu yake asizame. Upepo ukivuma kipande hukatika kikaelea, kikaenda zake. Mvuvi hulala akiwa Kenya akaamka aambiwa habari za asubuhi na Waganda.

Nimerudi nyumbani kwa miguu njia yote, kwa hasira. Mtoto nimembeba.

Ijumaa, mwezi 13

Viboko. Usiku hutoka ziwani wakala mahindi ya watu, na wenye mashamba hukesha humo wakipiga madebe kuwafukuza. Lakini usiku wa kuamkia Jumapili viboko hawaingii shambani hata mmoja, wanajua ni siku ya ibada. Hili nimelikubali. Mnyama naye ana Mola wake. Katika yote aliyoyasema tangu aje, ndilo neno la kwanza lenye akili.

Jumapili, mwezi 15

Hili la leo nataka niliandike vizuri.

Mwezi ni mpevu, na ni maji ya bamvua. Asiyekaa pwani na anielewe: mwezi ukiwa mpevu, na ukiandama, bahari huondoka mbali, majabali yakabaki wazi na mashua zikalala ubavu kwenye tope. Kabla ya jua kutua imekwisha kurudi yote, ikapiga ukutani. Kila mtoto wa hapa alijua hilo kabla ya kujua kuvaa viatu.

Asubuhi Nanjala alikuwa dirisha la juu nami nakunja nguo nyuma yake. Akachungulia nje, akapiga kelele ya huruma kama aliyeona msiba.

"Mama Nabeel! Bahari yenu imekauka!"

Nikaja nikatazama. Maji yameondoka, kama kawaida yake.

"Kiangazi chenu kilikuwa kikali," akasema. "Kwetu pia inakauka hivi. Lakini usijali, mvua imeanza. Itajaa tena polepole."

Nilifungua mdomo nimwambie. Wallahi nilifungua. Kisha nikamwona Akila amekaa miguuni pake, kamshikilia leso, amtazama yeye wala si mimi. Nikafunga mdomo. Mwanamke ana maziwa manne, ana visiwa vyenye miguu, ana samaki wa kulimwa. Hiki kimoja asichokijua niachiwe mimi. Nikatia tambuu kinywani nikaendelea kukunja nguo, na moyo ulikuwa mtamu kama niliyekula halua peke yangu.

Jumatatu, mwezi 16

Mvua kubwa tangu jana adhuhuri na usiku kucha. Asubuhi ilikuwa yapiga bado, dirisha limefungwa tangu jana. Alasiri lilipofunguliwa, bahari iko ukutani. "Umeona?" akaniambia Nanjala. "Mvua imeijaza."

Nikamwambia, "Naona."

Jumanne, mwezi 17

Akila kalala chumba cha mbele.

Jumatano, mwezi 18

Nimelala vibaya. Kitanda kipana.

Leo mtoto ni paa wa majini. Kwao kuna paa ana kwato ndefu kama vijiko, huishi kinamasini, na akimsikia mwindaji hujizamisha mwili mzima akabakisha pua tu. Basi Akila kaingia kwenye beseni la kufulia, kazama, pua juu. Nimemtoa kwa sikio. Kukhu wake acheka mpaka machozi.

"Mama," Mirriam akaniambia jikoni, "una wivu."

"Wivu? Mimi? Wa nini, wa mainzi?" Kwa sababu hata mainzi wanayo, hupanda kutoka ziwani kama moshi wa nyumba inayowaka, nao huwakamata wakawafinyanga wakawapika mikate.

"Una wivu, mama," akarudia, akaendelea kukaanga vitunguu.

Jumamosi, mwezi 21

Nimekwenda Shimanzi kumtafuta Joab. Ni mpwa wake Nanjala, dereva wa lori, hupeleka mizigo kutoka kwenye maghala mpaka Busia. Nikasema huyu ni kijana wa haki, atanipa ukweli, nami nitaurudisha nyumbani niuweke mezani mbele ya Nabeel. Nikamchukulia kachri za muhogo na chupa ya chai. Malori yalinipigia honi kama mimi ndiye niliyepotea njia.

Joab alikuwa amelala chini ya lori, katika kivuli. Akatoka akajifuta mikono, shikamoo bibi, marahaba mwanangu. Nikamwuliza moja moja. Samaki wa kuchimbwa?

"Kamongo? Yuko, bibi. Mimi nimemchimba."

Kisiwa kitembeacho? Kipo. Paa wa pua? Yupo, ingawa sasa ni adimu. Mikate ya mainzi?

"Mitamu," akasema. "Na taa za kuvulia omena, dagaa wa kwetu, amekuambia?"

"Sitaki kujua."

"Usiku wavuvi wanatoka na taa, bibi, kila mashua na taa yake. Ukisimama ufuoni unaapa kuna mji mkubwa kule katikati ya maji. Asubuhi unatafuta mji, hakuna."

Nilikwenda kutafuta uongo mmoja, nikarudi na ukweli wa ziada. Na kachri zangu kazila zote.

Alhamisi, mwezi 26

Mvua imekatika, ni siku ya pili sasa, na madirisha ya baharini ndiyo kwanza yafunguliwa. Nimemkuta Nanjala amekaa dukani kwa Tayebali, kwenye kiti. Kiti! Mimi mteja wa duka hilo tangu babake Tayebali yu hai na sijawahi kupewa hata gunia la kukalia. Tayebali kaegemea mizani, asikiliza habari za ndege wa huko, na wateja wasimama.

"Bibi," akaniambia, "huyu mama akiondoka duka langu litapooza."

Nikamwambia anipimie sukari na asiweke kidole kwenye mizani.

Jumapili, mwezi 29

Jua. Watu wako juu ya mapaa wakitafuta mwezi. Nimewasikia Nabeel na Mirriam wakiulizana kama huko Budalangi kuna chuo cha kumsomesha mtoto Qur'ani. Watu hawaulizi hivyo kama hawajaamua.

Jumanne, mwezi 2 Mfungo Tatu

Buibui langu bado halijakauka. Nitaandika hivyo hivyo.

Asubuhi jua lilikuwa kali, mvua imesahaulika. Nilikuwa uani nakuna nazi. Nyumba kimya, nikadhani Nanjala na Akila wako barazani. Pilipili manga ikaisha, nikaenda dukani. Tayebali akanipokea akicheka.

"Bibi, leo nimeuza jembe! Lile lililoning'inia pale tangu zamani, mimi nalifuta vumbi tu. Mama wa ziwani amelichukua."

"Jembe la nini? Sisi tuna shamba?"

"La samaki! Anasema mvua imekatika, bahari imekauka tena. Wamekwenda Tudor kwenye mikoko, amwonyeshe mtoto namna ya kuwachimba."

Mwezi umeandama juzi. Bamvua. Na maji ya bamvua kule kwenye mikoko hayaji usoni pako ukayaona ukakimbia. Hupita kwenye mkondo, yakazunguka, yakaja nyuma yako, na wewe bado umesimama pakavu wainama na jembe lako.

Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini Tayebali aliacha kucheka. Akatoa watu, akateremsha mlango wa duka. Babake alipozikwa alifunga nusu tu. Akanipandisha kwenye pikapu yake ya magunia, nami njia nzima sikutamka kitu ila jina la Mwenyezi Mungu na jina la mtoto.

Nilimwona Akila kwanza kwa sababu alikuwa juu. Alikuwa mabegani mwa Nanjala, kamshika kilemba kwa mikono miwili. Nyuma yao lile fungu la tope walilokuwa wakichimba limekwisha kufunikwa, na mbele yao, kati yao na sisi, mkondo wajaa wapita kwa nguvu. Nanjala alikuwa ndani ya mkondo, maji kifuani, aja hatua kwa hatua, apapasa chini kwa jembe kabla ya kuweka mguu. Alikuwa hapigi kelele. Alikuwa akimwimbia mtoto.

Mimi sijui kuogelea. Bahari hii nimeitazama maisha yangu yote na hainijui zaidi ya vifundo vya miguu. Niliingia na buibui langu. Tope likameza kiatu, likameza cha pili, maji yakafika kiunoni. Tayebali nyuma yangu alikamata pindo la buibui kama anayezuia ng'ombe. Nikanyosha mkono. Haukufika.

"Nipe mpini!" nikamwita.

"Chukua mtoto kwanza!"

"Mpini, mwanamke! Mtoto na akushike wewe!"

Akateleza, maji yakampanda, nikaona miguu ya Akila yaingia majini. Kisha jembe likageuka, mpini ukaja kwangu, chuma kikabaki mikononi mwake. Nikavuta. Hata kuzaa sikukazana hivyo.

Tulianguka matopeni sote watatu. Nanjala alitema maji ya chumvi, mikono yake imekatwa na jembe, damu yatiririka hana habari nayo. Akaigeukia bahari.

"Iko hai," akasema. "Kwa nini hakuna mtu aliniambia iko hai?"

Tayebali akaangalia chini. Yeye alidhani ni mzaha tu. Mimi nikajifanya nakamua buibui.

Kwenye pikapu Akila alikaa mapajani mwangu, baridi kama samaki.

"Mimi nilijua maji hurudi, nyanya," akaninong'oneza.

"Mbona hukumwambia?"

"Kukhu ana maziwa manne. Nikadhani mimi ndiye niliyekosea."

Jumatano, mwezi 3

Nimeshinda. Mirriam kasimama katikati ya ukumbi akamwambia mamake, "Utarudi peke yako, mama. Mtoto uliyeshindwa kumwangalia hapa kwa asubuhi moja, utamwangaliaje huko mwaka mzima?"

Nanjala hakujitetea. Mikono imefungwa matambara, kaiweka mapajani. "Ni kweli," akasema. "Mimi ni mjinga wa hii bahari."

Mwezi mzima nimeyasubiri maneno hayo. Nilikuwa nimekaa mkekani na tambuu yangu, na yote aliyoyasema ni ya kunifurahisha mimi, na tambuu ikanigeukia kinywani ikawa kama majivu.

"Mjinga si yeye," nikasema. "Mimi nilijua kwamba hajui."

Wote wakanigeukia.

"Tangu ile Jumapili ya mwezi mpevu. Alisimama dirishani akasema bahari imekauka na mvua itaijaza. Nilimsikia. Nikanyamaza."

"Kwa nini?" Nabeel akauliza.

"Kwa sababu mtoto alikuwa amekaa miguuni pake."

Kunguru wapiga kelele juu ya paa.

"Mama," Nabeel akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "angekufa. Huyo huyo unayemgombania."

"Najua."

"Basi haendi popote," akasema. "Wala kwako halali tena. Atalala chumbani kwetu."

Akavaa kofia akatoka. Nanjala akainuka akaenda chumba cha mbele, akafunga mlango, mlango ambao sijawahi kumwona akiufunga.

Alhamisi, mwezi 4

Hakuna anayesema na mtu. Mvua imerudi.

Jumamosi, mwezi 6

Nilikuwa jikoni namenya vitunguu thomu. Nanjala akaingia, akavuta kibao, akakaa. Mikono yake haiwezi kumenya, basi akakaa tu.

"Nimekukasirikia sana, mama Nabeel," akasema.

"Haki yako."

"Ningekupiga. Hii mikono ingekuwa mizima ningekupiga."

"Ikipona nipige."

Akasogeza kibao chake karibu nami. Kisha akasema, "Siku ile nimefika, usiku ule nilipita mlango wenu. Nikaona mtoto amelala, mguu wake juu ya tumbo lako. Mimi mtoto huyu hakuwa anajua hata harufu yangu. Nimekuja na nini? Kuku wawili. Nikasema, sina kitu, lakini nina maneno. Nitampa ziwa lote kwa maneno."

"Na ulimpa."

"Nilimpa. Na ile ya viboko kupumzika Jumapili, hiyo nilitunga."

Kisu kikaniponyoka. "Ile ya Jumapili?"

"Viboko wanakula mahindi Jumapili kama Jumatatu. Kristo na Mtume wote hawajawafikia."

Neno moja niliamini, moja! Nikaanza kucheka, naye akacheka, akasahau mikono yake akanipiga bega, akalia "uwi!" kwa maumivu. Nikamfungua matambara nikamtia dawa upya. Vidonda virefu, vya chuma. Jembe lingemkata mpaka mfupa na asingeliachia. Na hilo pia nimemwonea wivu, niseme kweli.

Jumatano, mwezi 10. Idd.

Tumechinja. Nyama imegawiwa. Akila kavaa gauni jipya, kazunguka nyumba zote za mtaa kuchukua idi yake, vijisenti vya sikukuu. Aliporudi Nabeel akamweka gotini.

"Haya, na mimi nikupe nini?"

"Nataka kuona samaki wa kuchimbwa," akasema. "Halafu nirudi."

Nabeel akamtazama Mirriam, Mirriam akatazama sinia. Nanjala hakuinua macho, na hakuomba. Mwezi mzima hakuomba tena tangu ile siku ya kwanza, hilo nalo ndio kwanza naliona.

"Muhula mmoja," nikasema. "Mwaka mzima, hapana. Skuli zikifungwa tena arudishwe."

"Mama, ni wewe usemaye?" Mirriam akauliza.

"Ni mimi. Nyinyi hamkusikia alivyomalizia? Kasema 'nirudi'. Mimi nimesikia."

Nabeel akamshusha mtoto gotini. Kisha akasema ataiuliza skuli ya huko, na akanikatia kipande cha maini, akakiweka kwenye sahani yangu kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi, mwezi 13

Wameondoka. Nanjala kapita mlango kwa ubavu, Akila kwa kukimbia. Nimewafungia mahamri, achari ya ndimu, na mto ambao mtoto hulalia. Nilimwambia Nanjala, "Akiota hupiga teke la kushoto. Lala kulia."

"Nitalala kulia," akasema.

Jembe wameliacha. Tayebali hataki kulirudisha dukani, asema lina mkosi. Liko nyuma ya mlango, katika nyumba isiyo na hata chungu cha mchicha.

Jumapili, mwezi 14

Kitanda kipana.

Alhamisi, mwezi 25

Mvua. Nimemwambia Tayebali habari za taa za omena. Kaniletea kiti.

Jumamosi, mwezi 18 Mfungo Nne

Joab kaja, moja kwa moja kutoka safarini, lori kaliacha Shimanzi. Kaniletea furushi la majani ya mgomba. Ndani yake samaki mrefu, mweusi, aliyekaushwa kwa moshi. Kachimbwa na Akila mwenyewe, asema, kwenye tope lililowahi kukauka; mtoto alikaribia kulia kwa furaha, kisha alilia kweli alipojua kwamba wanamla. Nimempika kwa nazi na ukwaju. Ana ladha ya tope. Nimemmaliza.

"Lakini ana shida huko, bibi," Joab akasema.

"Shida gani? Homa?"

"Ugomvi. Watoto wanamwita mwongo. Amewaambia kwao kuna maji makubwa kushinda ziwa, na kila siku yanatoka yanaenda zake, watu wanabaki wanatembea chini, halafu yanarudi yenyewe bila mvua. Walicheka mpaka wakakaa chini. Hata mwalimu wake alicheka. Sasa kila jioni anasimama ufuoni anawaeleza nyanya yake ana bahari ya namna gani, mwezi ukiwa hivi inafanya nini, mwezi ukiwa vile inafanya nini. Hachoki. Amesema nikuambie utume shahidi."

Ilinibidi niingie jikoni kidogo, nijifanye natafuta sukari. Niliporudi nilikuwa tayari.

"Mwambie shahidi yuko naye nyumbani humo humo. Na amsimamishe huyo Kukhu wake mbele ya wote, na mwalimu awepo, aseme kama maji hurudi au hayarudi. Yeye yalimfika."

Joab akacheka, akasimama. "Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo," nikasema. "Na umwambie Nanjala asizidishe. Yalimfika kifuani, si shingoni."